CHAKULA KINAPOKWAMA, TUSISUBIRI

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo naomba tuzungumzie kiungo ambacho wengi wetu hatukijui hata kwa jina, ingawa tunakitumia kila tunapokaa kula. Kiungo hicho kinaitwa umio. Ni mrija wa nyama wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima, unaopokea chakula kutoka kooni, ukapita nyuma ya bomba la pumzi na nyuma ya moyo, ukakifikisha tumboni. Kazi yake ni hiyo moja tu, na kwa kuwa huifanya kimya kimya, hakuna anayeukumbuka mpaka siku tonge linapokwama.

Pale kwetu Kileo, uwandani chini ya milima ya Upare, alikuwapo mzee mmoja aliyeheshimika sana. Sitamtaja jina, maana watoto wake wapo na msiba wao haujapoa. Mzee huyu alianza kwa kuacha nyama. Akasema nyama ya siku hizi ni ngumu. Baada ya wiki kadhaa, kila tonge la ugali likawa halishuki bila funda la maji. Kisha akakataa makande, na kwa Mpare kukataa makande si jambo dogo. Mkewe akamwuliza, "Baba, mbona sahani inarudi ilivyokuja?" Akajibu, "Ni meno tu haya, mama. Nipe uji."

Majirani nao hawakukosa la kusema. Wako walionong'ona kwamba mzee amelishwa kitu. Wako waliompeleka kwa fundi wa vimeo, akakatwa kimeo, na kwa siku mbili tatu akajiona nafuu. Zahanati moja ikampa vidonge vya tumbo, na alipovimaliza ikampa vingine. Hivyo miezi minane ikapita. Sikukuu ya Krismasi kijana wake alirudi nyumbani akamkuta baba yake shati limempwaya kama limeanikwa juu ya fimbo. Hakuuliza ruhusa. Alimpandisha basi kesho yake kwenda hospitali ya rufaa. Huko walimpitisha mrija wenye kamera, wakakata kinyama kidogo wakakipima, na jibu likawa saratani ya umio, iliyokwisha kupita hatua ya kukatwa.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu si cha mzee mmoja. Ni kisa cha ukanda mzima. Wataalamu wana ramani yao ya ugonjwa huu barani Afrika. Unaanzia Ethiopia, unashuka Kenya, unapita Tanzania na Malawi, hadi jimbo la Rasi ya Mashariki kule Afrika Kusini. Ndani ya ukanda huo saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi, ilhali katika nchi nyingi za Afrika Magharibi ni nadra. Kwa nini huku na si kule? Na elimu iliyopo imepatikanaje? Tukirudi nyuma kidogo katika historia tutaona jambo ambalo linatuhusu sisi tusio madaktari.

Kwa karne nyingi umio ulikuwa chumba cha giza. Daktari aliweza kupapasa tumbo na kusikiliza kifua, lakini umio hauguswi wala hausikiki. Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alipata wazo baada ya kumjua mtu wa mazingaombwe aliyekuwa akimeza panga mbele ya watazamaji. Alijiuliza, kama panga linapita, kwa nini mrija usipite? Akamwita yule mmeza panga, akampitishia mrija mnyoofu wa chuma. Mrija ulipita, ila mwanga ulikuwa hafifu mno, hakuona cha maana. Ilichukua karibu miaka 90, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, kupata mrija unaopindika wenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Kamera anazopitishiwa mgonjwa leo ni watoto wa mrija ule.

Upasuaji nao ulikuwa na safari yake. Mwaka 1913, mjini New York, daktari Franz Torek alimfungua kifua mama mmoja mwenye umri wa miaka 67, akautoa umio wenye saratani, na mgonjwa akapona. Wakati huo hakuna aliyejua namna ya kuunganisha tena njia ya chakula ndani ya kifua. Basi yule mama alikula kwa mpira uliounganisha tundu la shingoni na tundu la tumboni, nje ya mwili. Akaishi hivyo miaka mingine kama 13. Tangu hapo wapasuaji wamejifunza kulivuta tumbo juu na kuliunganisha na kipande cha umio kilichobaki. Hata hivyo upasuaji huu umebaki kuwa mkubwa na wa hatari, na unamfaa mgonjwa aliyewahi. Aliyechelewa haumsaidii.

Hapo ndipo swali lilipobadilika. Badala ya kuuliza tu, "Tutamkata vipi?", wako walioanza kuuliza, "Anatoka wapi mgonjwa huyu?" Na swali hilo lilijibiwa kwa kiasi kikubwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa daftari na kalamu.

Wengi wamelisikia jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walichukua gari kuukuu wakasafiri maili zipatazo 10,000, wakashuka hadi kusini mwa Afrika wakipita hospitali moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za misheni. Walikuwa wakitafuta uvimbe wa taya za watoto, ule ambao leo unaitwa kwa jina lake. Lakini safari ile ilimfundisha kwamba muuguzi au daktari wa hospitali ya porini akiulizwa vizuri anajua mambo ambayo profesa wa mjini hayajui. Miaka iliyofuata Burkitt na wenzake wakawa wanapokea taarifa za saratani kutoka hospitali nyingi za aina hiyo. Taarifa zikawekwa kwenye ramani, na ramani ikaonyesha jambo la kushangaza. Saratani ya umio ilikuwa imejaa mahali fulani, na umbali wa kilomita mia chache tu ikawa haipo. Magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, ilikuwa nyingi sana. Mwaka 1971 mtafiti Paula Cook alikusanya ushahidi wa bara zima, akaona kwamba mahali penye ugonjwa mwingi mara nyingi palikuwa na pombe ya mahindi. Akaandika kwamba huenda kuna uhusiano.

Tangu hapo washukiwa wameongezeka. Pombe kali na tumbaku zina hatia isiyo na ubishi, kwani ushahidi wake ni wa dunia nzima. Kisha ikaja kuvu inayoota juu ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, ambayo sumu yake iligunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Ukaja moshi wa jiko la kuni katika nyumba isiyo na dirisha. Yakaja meno mabovu na kinywa kisichosafishwa. Yakaja pia mapungufu ya madini katika udongo na katika chakula. Kila mshukiwa ana mashahidi wake, baadhi wakiwa na ushahidi wenye nguvu na baadhi hafifu, na huenda kadhaa wanashirikiana.

Hata hivyo palibaki fumbo. Katika ukanda wetu wanaugua pia akina mama ambao hawajawahi kuvuta sigara. Hospitali ya Tenwek, kule Bomet nchini Kenya, imetoa taarifa za wagonjwa wenye umri chini ya miaka 30. Vijana wa umri huo hawajaishi muda wa kutosha kuharibiwa na pombe peke yake. Kuna kitu kingine tunachokula au kukinywa wote, wazee kwa vijana, wake kwa waume.

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo tunapofika mkoani kwetu Kilimanjaro, na chombo cha utafiti kinakuwa kitu kidogo kuliko vyote nilivyovitaja: kipimajoto ndani ya kikombe cha chai.

Mwaka 2015 lilichapishwa jarida lenye utafiti uliofanywa katika vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro. Watafiti walikaa na watu 188 wakati wa chai, wakapima joto la kikombe pale tu mtu alipoanza kunywa. Wastani ulikuwa nyuzi joto 70.6. Walipolinganisha na tafiti zote za namna hiyo zilizotangulia duniani, hawakuona watu wanaokunywa chai ya moto kuliko sisi. Wanywaji wa chai ya maziwa walianza kunywa ikiwa na moto zaidi kwa karibu nyuzi mbili kuliko wanywaji wa chai ya rangi, hasa kwa sababu chai ya rangi ilipoa haraka mara mbili kuliko ya maziwa. Wakaulizwa kama wamewahi kuungua ulimi. Kati ya wanywaji wa chai ya maziwa, asilimia 70 walisema ndiyo. Kati ya wale wa chai ya rangi, asilimia 39.

Nadhani hakuna msikilizaji wa huku kwetu atakayeshangaa. Mgeni akipewa chai ya vuguvugu, mwenye nyumba ndiye anayeaibika. Chupa ya chai imenunuliwa ili moto usipotee. Na kwenye mgahawa wa stendi, abiria anayesikia honi ya basi humalizia kikombe kwa mafunda matatu macho yakimtoka machozi.

Mwaka uliofuata, 2016, wanasayansi 23 kutoka nchi 10 walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani. Walipima ushahidi kutoka China, Iran, Uturuki na Amerika ya Kusini, wakaamua kwamba kunywa kinywaji chochote chenye joto lipitalo nyuzi 65 kuna uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani ya umio. Tuwaelewe vizuri. Hawakusema chai ni sumu, wala kahawa. Kosa ni moto wenyewe. Ngozi laini ya ndani ya umio ikiunguzwa kila asubuhi na kila jioni kwa miaka 30, kila mara inajitengeneza upya, na katika kujitengeneza huko ndipo kosa linapoingia, au sumu nyingine inapopata mlango.

Shirika hilo hilo la Lyon lilishirikiana na hospitali za Afrika kufanya utafiti mkubwa zaidi, Eldoret nchini Kenya, Blantyre nchini Malawi, na hapa kwetu katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi. Wagonjwa wa umio waliulizwa maswali, na watu wasio na ugonjwa huo wakaulizwa maswali yale yale, ili majibu yalinganishwe. Matokeo ya Kenya yalitoka mwaka 2019, na ya Tanzania na Malawi mwaka 2022. Wote walionyesha kwamba aliyezoea kunywa na kula vya moto sana, na kwa haraka, hatari yake ni kubwa kuliko ya yule anayengoja vipoe.

Nimesema kunywa na kula. Hilo lina maana yake huku Upare. Kule Upare wa Kusini, ambako Waadventista wa Sabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini pale Giti mwaka 1903, ziko familia ambazo kwa vizazi kadhaa hazijaonja pombe wala tumbaku, na nyingine hazinywi hata chai ya majani. Mtu wa familia hiyo anaweza kusema, "Basi mimi hainihusu." Inamhusu. Uji unaochemka haubagui dhehebu, na uji hushika moto muda mrefu.

Sasa tuje kwenye tiba, kwa maana huenda ananisikiliza mtu ambaye maneno ya kinga yamemchelewa.

Historia ya tiba ya kibingwa nchini si ndefu. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ndiyo iliyogeuka kuwa kituo cha mionzi cha taifa, na mwaka 1996 ikawa taasisi kamili ya saratani. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Same au Mwanga aliyehitaji mionzi hakuwa na njia nyingine ila kufunga safari hadi pwani, akae huko wiki kadhaa kwa ndugu, kama anao. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya kanda ya kaskazini, na ndipo mabingwa wa upasuaji na wa kupima kwa kamera walipopatikana karibu na nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 2016 hapo hapo KCMC kikafunguliwa kituo cha kutibu saratani kwa dawa. Kwa mtu wa Kileo, Moshi ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Lakini wengi hufika wakiwa wamechelewa, kama mzee wetu. Je, hao waambiwe warudi nyumbani wakafe njaa? La hasha. Hapa tunawiwa shukrani na wenzetu wa Tenwek. Tangu mwaka 1999 wapasuaji wa hospitali ile, wakiongozwa na daktari Russell White, waliwapa mamia ya wagonjwa kijibomba cha waya laini kinachosukumwa mahali palipoziba, kisha kinajitanua chenyewe na kuifungua njia. Mwaka 2009 walichapisha matokeo yao katika jarida kubwa la Uingereza. Hakikuponya saratani. Kiliwawezesha watu kumeza tena, katika muda uliobaki. Jambo la maana ni kwamba waliweza kufanya hivyo bila mtambo ghali wa eksirei unaotumika Ulaya kwa kazi hiyo, na hivyo kuonyesha kwamba hospitali ya vijijini inaweza. Baadaye hospitali na vyuo vya ukanda wetu, pamoja na marafiki wa nje, waliunda mtandao wa AfrECC wa kushirikiana katika utafiti na tiba ya umio, na moja ya kazi zake imekuwa kutafuta vijibomba hivyo vipatikane kwa bei nafuu.

Mzee wetu wa Kileo aliwekewa kijibomba hicho. Nilimtembelea wiki ya pili baada ya kurudi. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, mjukuu wake yuko mapajani, na mkewe amemletea makande yaliyopondwa hadi yakawa laini. Alikula taratibu, akamaliza bakuli. Akaniambia, "Mwanangu, mtu hajui utamu wa kumeza mpaka akoseshwe." Aliishi miezi mitano baada ya siku ile. Ilikuwa miezi ya kula pamoja na watu wake, ya kugawa shamba bila ugomvi, na ya kuagana. Lakini kila nikikumbuka hesabu yake inaniuma. Miezi mitano aliyopewa na hospitali ni pungufu ya ile minane aliyoipoteza kwa vidonge, vimeo na minong'ono.

Basi neno langu la leo ni hili. Nchi hii iliwahi kujifunza somo moja kwa kulirudia mno, kwamba kikohozi cha wiki mbili si cha kunyamazia, kapime kifua kikuu. Hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Nashauri tujifunze la pili kwa namna ile ile: chakula kikikwama wiki mbili, nenda ukapimwe. Anayeshushia kila tonge kwa maji, anayehama kutoka ugali kwenda uji bila kuumwa jino, anayekonda huku akisema hana njaa, huyo si wa kupelekwa kwa fundi wa vimeo. Na si kila kinachokwama ni saratani. Wapo waliozibwa na kovu la zamani, na wapo ambao misuli ya umio imegoma kulegea, na hao wanatibika vizuri. Namna ya kujua ni kupitisha kamera tu. Wahudumu wa zahanati nao, mgonjwa akirudi mara ya pili na lile lile, wamwandikie barua ya rufaa badala ya pakiti nyingine ya vidonge.

La pili ni dogo na halina gharama. Chai ikimiminwa, iache kidogo. Uji ukipakuliwa, uache. Zungumzeni kwanza, mwulizane habari za shamba na za watoto shuleni. Akina mama wanaotengeneza sabuni nao, ile soda kali ya kostiki wasiiweke kwenye chupa ya soda wala ya maji, maana mtoto akiinywa umio wake huungua siku hiyo hiyo na kubaki na kovu linaloziba njia ya chakula.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Yale yote tunayoyajua leo juu ya umio tumeyapata kwa sababu wako watu waliouliza na wengine wakajibu: hospitali za porini zilizojaza madaftari yao, na wanakijiji 188 wa Kilimanjaro waliokubali kipimajoto kitumbukizwe kwenye chai yao. Watafiti wamefanya sehemu yao na wanaendelea kuifanya. Sehemu yetu ni kusema mapema, mezani, mbele ya watu wetu, kwamba tonge halishuki.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.